Maji ya Moto Bila Boila

Kuna nyumba mpya zinazoinuka Rongo, Awendo, Oyugis na Kendu Bay kwa pesa za watu walio Uingereza: wauguzi, walezi wa wazee, madereva wa malori. Mjenzi wa namna hii hutuma ramani, hutuma rangi ya vigae, na mapema au baadaye hutuma swali la boila. Kule anakoishi, kisanduku cheupe kilichotundikwa ukutani jikoni humchemshia maji ya kuoga papo hapo na kupasha vyumba joto, hakina tangi, na bili zimemfundisha kuuliza kinakula gesi kiasi gani. Basi anauliza: huku nyumbani niweke boila gani isiyokula sana?

Asiweke yoyote. Kisanduku hicho, boila ya kombi, ni mashine nzuri iliyoundwa kwa shida ambayo Migori na Homa Bay hazina. Wakati wa baridi maji ya bomba huko Uingereza huingia nyumbani yakiwa na nyuzijoto 5 hadi 10. Kuyapandisha nyuzi 35 huku yakitiririka lita 10 kwa dakika kunahitaji kilowati 24 hivi, na ndiyo maana boila nyingi za huko huanzia hapo. Sifa yake ya kubana matumizi nayo ina masharti. Tangu 2018 sheria ya England inataka boila mpya ya gesi ifikishe ufanisi wa angalau asilimia 92, na inafika huko kwa kuunasa mvuke ulio ndani ya moshi na kuugeuza maji ili joto lake lisipotee. Hilo hufanyika vizuri maji yanaporudi kutoka kwenye vipasha vyumba yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Sasa, ni nani Homa Bay anayetaka kipasha chumba? Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mchana joto hukaribia nyuzi 30, na usiku wa baridi kali hapa ni ule wa nyuzi 16 au 17. Tena hatuna bomba la gesi linaloingia majumbani. Ukiiondolea kombi vipasha na bomba la gesi, umebaki na hita ya kawaida ya gesi kwa bei ya kifahari.

Swali lenyewe, hata hivyo, ni zuri, na wengi wetu tusio na ndugu Uingereza hatujaliuliza. Maji ya kuoga yanagharimu kiasi gani, na njia ipi inapoteza kidogo?

Tuanze na ndoo, kwa sababu ndiyo kipimo ambacho kila nyumba inakijua. Chukua ndoo ya lita 20, maji yakiwa na nyuzi 23 kama yalivyo mara nyingi kwenye tangi la asubuhi. Kuyafikisha nyuzi 40, joto la kuoga bila kusisimka, kunahitaji yuniti 0.4 za nishati. Haidhuru moto unatoka wapi: stima, gesi, kuni au jua, maji yatadai yuniti 0.4 zile zile. Tukikadiria yuniti ya stima kwa Sh30 pamoja na kodi na tozo zake, ndoo hiyo ni Sh12. Hesabu nyingine zote katika makala hii zinatoka hapo.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba maneno ya dukani kuhusu hita inayookoa umeme hayana uzito. Kifaa chochote kinachopasha maji kwa waya wa stima uliozama ndani ya maji hayo hayo hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Shawa ya bei nafuu na shawa ya bei ghali, zikiwa za kilowati 5.5 zote mbili, zitakula sawa. Tofauti iko kwenye lita zinazopita na dakika unazosimama chini yake.

Shawa ya stima, ile watu wanayoiita instanti, imeenea kwa kasi tangu nyumba nyingi zilipounganishwa umeme kupitia mpango wa Last Mile wa 2015, ambao ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Nyingi zinatoka Brazil, Lorenzetti ikiwa ndiyo jina lililozoeleka. Mtu akioga dakika 8 kwa kilowati 5.5 ametumia yuniti 0.73, yaani Sh22. Familia ya watu watano, kila mmoja dakika 8 kwa siku, inafika yuniti 110 kwa mwezi, Sh3,300 za kuoga peke yake. Familia hiyo hiyo ikioga kwa ndoo, lita 15 za maji ya uvuguvugu kwa kila mtu, inahitaji yuniti 44 hivi kwa mwezi, Sh1,300. Na kuna mtego ndani ya bei. Katika viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa mahali pawili, yuniti 30 na yuniti 100 kwa mwezi, na aliyevuka 100 hutozwa kiwango cha juu kuliko wote. Shawa peke yake inatosha kumvusha mtu ambaye hapo awali alikuwa na taa, televisheni na simu za kuchaji.

Hata hivyo instanti haistahili kulaumiwa kwa kila kitu. Mtu wa Migori anayeitumia kama mtu wa Limuru ndiye anayejiumiza. Huko juu maji ni baridi sana na kitufe cha joto la mwisho kina kazi. Hapa, maji yakiwa na nyuzi 23, kitufe cha katikati, ambacho kwenye shawa nyingi huwa kilowati 3 na kidogo, kinatoa karibu lita 2.7 kwa dakika zenye nyuzi 40. Si mvua kubwa, lakini mtu anaoga na kutakata. Wengi hubonyeza cha mwisho, maji yanachoma, kisha wanafungua mfereji zaidi ili yapoe. Wamelipia joto na wamelipia maji ya kulipoza.

Fungua kichwa cha shawa kilichoungua na utaelewa kwa nini mafundi wa Migori mjini hawakosi kazi. Ndani mna vyumba viwili. Cha chini kina waya uliojikunja kama springi, ndio unaopata moto. Juu yake kuna kipande cha mpira, duara bapa, na juu ya mpira huo kuna visahani vya shaba. Maji yakiingia kwa nguvu husukuma mpira, visahani vinagusana, umeme unapita. Maji yakiwa dhaifu mpira hausogei sawasawa: visahani vinagusana na kuachana, vinatoa cheche, vinageuka vyeusi, na siku moja plastiki inayeyuka. Mwenye nyumba hulalamika kwamba ameuziwa hita mbovu. Fundi mzoefu haanzi na hita. Hutoka nje akaangalia tangi. "Mama, hita haina neno. Tangi lako limekaa chini mno." Tangi lililowekwa juu ya dari linaweza kuwa mita moja tu juu ya kichwa cha shawa, na mita moja ni nguvu kidogo sana. Mnara wa mita tatu juu ya shawa ungemaliza ugomvi huo kabla haujaanza.

Kuna pia udhaifu wa stima yenyewe, hasa vijijini mwishoni mwa laini, upande wa Ndhiwa au Nyatike. Joto la hita hufuata mraba wa volteji. Volteji 240 zikishuka hadi 200, shawa ya kilowati 5.5 inabaki na 3.8. Hujaibiwa yuniti, maana mita inahesabu kile kilichopita, lakini maji yatakuwa ya uvuguvugu saa mbili usiku, wakati kila mtu amewasha. Hapo ndipo mtu hukumbuka Gogo. Kituo cha Gogo kwenye mto Kuja, kilichojengwa miaka ya 1950 kuhudumia machimbo ya Macalder, kina uwezo wa megawati 2. Shawa 364 zikiwashwa kwa pamoja zimekimaliza. Bila shaka tumeunganishwa na gridi ya taifa na hatutegemei Gogo peke yake, ila hesabu hiyo inaonyesha ukubwa wa kitu tunachokifunga bafuni bila kufikiri.

Kilowati 5.5 kwa volteji 240 ni ampea 23. Kebo ya milimita 2.5 iliyowekwa kwa ajili ya soketi haikukusudiwa kubeba mzigo huo peke yake, sembuse pamoja na pasi. Shawa inataka kebo yake kutoka kwenye boksi, milimita 4 kwa uchache na 6 ikiwa njia ni ndefu, breka yake, swichi yake nje ya bafu, na waya wa athi unaofika ardhini kweli. Kwa maji ya kisima kirefu yenye chumvi nunua shawa iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, ambayo waya wake umefunikwa, kwa sababu maji hayo hupitisha umeme na pia huacha gamba jeupe linalokula waya. Maji ya ziwani yana shida tofauti, tope, na dawa yake ni kichujio cha bei ndogo kwenye bomba la kuingilia. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Mwombe aionyeshe, asiyekuwa nayo atakuwa na hadithi.

Kwa mpangaji mambo ni mengine. Ploti nyingi zina mita moja ya wapangaji wote, na mwenye ploti anayejua hesabu hupiga marufuku instanti na koili. Kuhusu koili namuunga mkono kabisa. Koili ya kuzamisha ndooni haipotezi umeme, kwa ubanaji matumizi inaishinda karibu kila kitu, lakini ni waya wa volteji 240 ndani ya ndoo iliyo sakafuni penye maji, mara nyingi bila athi, na mtu anapima joto kwa kidole. Hakuna akiba inayolipa hilo. Birika la stima hufanya kazi ile ile na hujizima lenyewe. Kwa mwinuko wa Migori maji huchemka karibu nyuzi 95 au 96. Birika la lita 1.7 likichanganywa na maji baridi linatoa lita 7 hivi za kuogea. Mabirika mawili yanatosha kumwogesha mtu mzima asiye na haraka, kwa takribani Sh10. Wengi huona aibu kukiri kwamba wana shawa ukutani na bado wanaoga kwa beseni. Hakuna haja ya aibu: wamepiga hesabu vizuri kuliko yule aliyewauzia shawa.

Gesi ndiyo inayofanana na boila ya kombi kuliko kitu kingine, kwa hiyo tuipime kwa haki. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina takribani yuniti 12.8 za joto. Ikiwa mtungi wa kilo 13 unajazwa kwa Sh3,000, yuniti ya joto ni Sh18. Ukichemshia sufuria juu ya meko, karibu nusu ya joto hupotea pembeni, na yuniti inayoingia majini inakaribia Sh35, ghali kuliko birika la stima. Watu wengi wanaamini kinyume chake. Hita ya gesi ya ukutani, ambayo hupasha maji yanapopita na kuwashwa kwa betri mbili kubwa, inatumia asilimia 80 na zaidi ya joto, na yuniti inashuka hadi Sh22 hivi. Hapo inaishinda stima. Haijali volteji ikishuka, na usiku wa kuamkia Agosti 26, 2023, nchi nzima ilipokuwa gizani, waliokuwa nayo walioga maji ya moto.

Nina shaka nayo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni moshi usioonekana. Gesi ikiungua kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na mtu anaanguka bafuni akidhani ni uchovu. Hita hiyo ikae nje chini ya upenu, wala isiwekwe ndani ya bafu hata kama maelezo ya dukani yanaruhusu. Ya pili ni ukarimu wake. Hita ndogo kabisa ya gesi ina kilowati 10 hivi, ambazo kwa maji yetu zinatoa lita 8 kwa dakika. Ni raha sana, na ndiyo hasara yake: bei ya yuniti imeshuka kwa robo lakini maji yameongezeka maradufu. Bei ya gesi nayo hufuata dola na Bunge. Kodi ya VAT ya asilimia 16 iliwekwa Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa 2023. Anayefunga hita ya miaka kumi akumbuke kwamba ndani ya miaka miwili hiyo kodi ilibadilika mara tatu.

Kuni hazihitaji maneno mengi, ila zisidharauliwe. Mafiga matatu hupeleka majini kama asilimia 10 hadi 15 ya joto, kwa hiyo maji ya familia ya watu watano yanaweza kumeza kilo tatu za kuni kavu kila siku. Katika kaunti ya Migori, ambako kwa miaka mingi mabanda ya kukaushia tumbaku yamekata miti ya Kuria na Uriri, kuni si za bure hata kama hujazinunua. Lakini sufuria inayotegwa juu ya makaa baada ya ugali kuiva inatumia joto ambalo lingepotea tu. Hakuna mtambo unaoishinda. Nyumba inayopikia kuni au makaa na kuoga jioni imeshapata maji yake, na kuinunulia hita ni kuiongezea gharama mpya.

Jua ndilo jambo kubwa, na mimi kwa nyumba ya mwenyewe ningeanzia hapo. Paneli ya maji ya mita mbili za mraba katika bonde hili, ambako jua huleta zaidi ya yuniti 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, inaweza kuingiza majini yuniti 5 na zaidi. Hizo ni zaidi ya lita 250 za maji ya kuoga. Maji hupanda yenyewe: yakipata moto huwa mepesi, huingia kwenye tangi lililo juu ya paneli, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi. Hakuna pampu, hakuna stima. Kanuni za mwaka 2012 ziliagiza majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yatumie jua, agizo lililogusa zaidi hoteli, hospitali na nyumba kubwa za mjini. Kwa hoteli za Mbita na Homa Bay mjini hesabu haihitaji agizo la serikali. Kwa nyumba inafuata tabia ya wenye nyumba. Mtambo wa Sh100,000 ukichukua nafasi ya shawa inayokula Sh3,300 kwa mwezi umejilipa kwa miaka miwili na nusu. Ukichukua nafasi ya ndoo za Sh1,300, unajilipa kwa zaidi ya miaka sita. Muuzaji atakutajia ile hesabu ya kwanza.

Mirija ya kioo yenye ombwe inauzwa kama teknolojia ya juu, na kweli hufanya kazi vizuri mahali penye baridi, kwa kuwa ombwe huzuia joto lisitoroke. Lakini penye hewa ya nyuzi 28 joto linatoroka kidogo hata kwenye paneli bapa. Mirija hupasha maji kupita kiasi, huvunjika kwa mvua ya mawe inayoteremka kutoka upande wa Kisii, na maji magumu ya kisima huiwekea gamba upesi. Ningechukua paneli bapa. Kuhusu mwelekeo, tuko digrii moja au chini ya hapo kusini mwa ikweta na jua hutembelea pande zote mbili kwa mwaka. Paa linaloelekea mashariki halina hasara, kwa kuwa mawingu ya radi hapa huja zaidi mchana ukielekea jioni. Usifanye paneli iwe bapa kabisa, maana maji yanahitaji mwinamo ili yapande. Na hita ya stima ya akiba iliyo ndani ya tangi iwekewe swichi ya mkono. Ikiachwa ijiwashe yenyewe itapasha maji saa kumi usiku, na jua litakapochomoza litakuta kazi imekwisha.

Pampu za joto zipo pia, zinazochota joto la hewani na kutoa yuniti karibu tatu kwa kila yuniti moja ya stima. Kwa hewa yetu zingefanya vizuri ajabu. Kwa bei ya sasa niwaachie wenye hoteli.

Kuna njia ya jua isiyo na muuzaji, pengine ndiyo maana haitangazwi. Tangi jeusi la plastiki la lita 200, likikaa juani kutwa juu ya mabati, jioni huwa na maji ya karibu nyuzi 30. Anayeoga saa kumi na moja jioni kutoka kwenye tangi hilo amebakiza nyuzi 10 tu badala ya 17, na wengi hawazidai. Anayeoga saa kumi na moja alfajiri anadai zote. Saa ya kuoga ina nguvu kuliko chapa ya hita, na familia yenye wanafunzi wa kutwa na mama wa soko inaweza kugawana: wanaoamka usiku waoge jioni, wanaobaki waoge mchana.

Nikirudi kwa mjenzi wa Rongo, pesa ya boila aigawe hivi. Mnara wa tangi uwe juu kuliko paa, kwa kuwa paneli ya jua inalishwa kutoka juu. Bafu na jiko vipakane: bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 hubeba zaidi ya lita mbili, na hizo hupoa ukutani kila mtu anapofunga mfereji. Bomba la maji ya moto liwe lile la kijani la kuunganishwa kwa moto, si PVC ya kijivu, na lipite ukutani kabla ya plasta hata kama pesa ya paneli haijapatikana. Kebo ya milimita 6 ivutwe hadi nje ya bafu moja tu, la wageni. Hayo yakiwa tayari, nyumba inaweza kukaa miaka miwili na birika, kisha ikapokea jua bila ukuta kuvunjwa.